Risasi Zenye Ncha

Msimu ule wa mapukutiko baba mkwe wangu aliacha kula. Hakugoma wala hakulalamika. Alikuwa akichota vijiko viwili, anasogeza sahani na kusema, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Tunaishi naye huku ughaibuni, Pickering, na mke wangu alikuwa amekwisha kumpikia kila alichowahi kukipenda tangu wakiwa Tanga. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Suruali za mzee zikawa zinashikiliwa na mkanda tu.

Siku moja, alipobembelezwa mpaka akachoka, alisema labda angekula nyama ya porini. Ujana wake aliwinda sana upande wa Handeni. Mimi nina leseni na bunduki ya kuwindia, kwa hiyo macho yote mezani yakanigeukia. Nikasema nitamletea kulungu. Nilisema upesi, kama ninavyosema kila kitu, na nilikuwa nimesimama, maana mimi hata chai naimalizia njiani kati ya jiko na mlango.

Mzee akataka kuona risasi nitakazotumia. Nikamletea za dukani. Aliipapasa moja kwa kidole gumba, akakuta pua yake ni laini, ya kufumuka ndani ya mnyama. Akanirudishia.

"Hii inaponda," alisema. "Nilivyofundishwa mimi, mnyama akifa kwa risasi kabla hujamfikia na kisu, iwe imemtoboa. Iwe na ncha."

"Baba, masheikh wengine wanasema ikipenya tu inatosha."

"Hao wataila nyama yake. Mimi nataka ncha."

Basi nikaanza kusubu risasi mwenyewe, kama walivyofanya wao zamani. Jamaa mwenye gereji ya matairi karibu na Kingsview Village alinipa ndoo ya vipande vya zamani vya madini ya risasi, vya kusawazishia magurudumu. Nikaviyeyusha kwenye sufuria ya chuma mbele ya nyumba, mlango wa gereji wazi, upepo unanikata masikio. Nilikuwa na kalibu mbili: moja ya risasi zenye pua bapa, niliyoizoea kwa kupigia karatasi, na moja mpya ya risasi zenye ncha.

Ile mpya ilinitoa roho. Ukishamimina, unatakiwa ungoje mpaka ule mng'ao wa juu ufifie, ndipo ufungue. Ni muda wa kupumua mara chache tu. Sikuweza. Nilifungua mapema, ncha zikatoka zimepinda. Nikazirudisha sufuriani, nikamimina tena, nikafungua mapema tena. Mke wangu alikuwa akinitazama dirishani na sikupenda anavyonitazama.

Jumamosi nikazipeleka uwanja wa shabaha, kaskazini ya mji. Mzee akasema anakuja. Alikaa nyuma yangu kwenye kiti cha kukunja, shali begani, vizuia kelele juu ya kofia yake. Alikuwa amebeba kisahani cha kahawa kutoka nyumbani. Alikizungushia kalamu kwenye karatasi ya shabaha, akasema risasi isiyoingia humo kwenye karatasi itamjeruhi mnyama akafie mbali, na hilo hatalibeba yeye wala mimi.

Kwa mita mia, zile za ncha zilitawanyika ovyo. Moja iliingia karatasini kiubavu, ikaacha tundu refu kama la kitufe. Nikapunguza baruti. Bado. Nikasafisha mtutu, nikapiga tena kabla haujapoa, mzee akanigonga bega.

"Unamfukuza nani?"

Niliingiza zile bapa, nikapiga tano, zote zikaingia ndani ya mduara. Nilijisikia mshindi. Nikamwambia baba, twende na hizi, zinapiga vizuri kuliko za kiwandani. Aliitazama karatasi kwa muda, akakiri kwamba ni nzuri.

"Nenda nazo. Ila mimi sitaila."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Mtu hali, anakonda mbele ya binti yake, halafu anachagua ncha ya risasi. Niliisogeza shabaha mpaka mita hamsini kwa ghadhabu tu, nikazipiga zile za ncha kwa baruti kidogo. Zikaingia zote kisahanini.

"Hamsini basi," alisema mzee. "Zaidi ya hapo usifyatue."

Hamsini maana yake ni kukaa. Hutembei, hukohoi, hubadilishi mguu. Unangoja mnyama mwenyewe aje karibu. Ningeambiwa nimkamate kwa mikono ningeona rahisi zaidi.

Msimu ulipofunguliwa nilikwenda mpaka shamba la rafiki, nikakaa chini ya misonobari tangu alfajiri. Goti lilinicheza, nikalishika kwa mkono. Nilimfikiria mzee na sahani yake, nikamfikiria mke wangu anavyoipangusa ikiwa bado imejaa. Mchana akatokea kulungu jike kando ya uzio, akasimama kiubavu. Niliupima umbali kwa darubini: tisini. Nilikuwa na zile bapa mfukoni. Nilishazipiga tano kwenye kisahani kwa mbali zaidi ya hapo, na mezani nani angejua? Kidole kiliniwasha. Alikula majani taratibu, hakukaribia, jua likashuka, akaondoka.

Nilirudi Pickering mikono mitupu na nimekasirika. Walikuwa mezani. Mzee alikuwa na kuku mbele yake, hajamgusa.

"Uliona?"

"Nilimwona. Alikuwa tisini."

"Alikaa muda gani?"

"Muda mrefu, baba. Mpaka akashiba."

"Na wewe?"

"Nilikaa."

"Wewe?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akamtazama mke wangu kana kwamba ameletewa habari za harusi. Akaniambia nivute kiti nisimulie kuanzia alfajiri, upepo ulitoka wapi, mnyama alitanguliza mguu gani. Nikaketi, nikasimulia. Nilipofika kwenye uzio alikuwa ameshika paja la kuku kwa mkono, anatafuna huku akinihimiza niendelee. Sikuthubutu kunyamaza. Mke wangu aliinuka polepole akaenda jikoni, ili asilie mbele ya baba yake.