Ernestine Auza Vifaa vya Kanisa

Watu wa kijiji cha Wamaza walipokubaliana kujenga kanisa kwa mikono yao, wengi walidhani kujitolea maana yake ni bure. Ernestine, aliyechaguliwa kuwapikia wajenzi, alikuwa wa kwanza kuona vingine. Anayejitolea naye anakula. Saruji inatoka mjini Kasongo kwa pikipiki, na kila mto ikivuka, bei inapanda. Matofali walichoma wenyewe, lakini miiko, sepetu na burueti, yaani toroli za kubebea mchanga, ilibidi zinunuliwe.

Katikati ya kazi fundi mmoja alishikwa na malaria. Ernestine aliacha sufuria, akachukua mwiko wa fundi yule, na hakuurudisha tena. Mwaka uliofuata alipanga ukuta mzima wa upande wa madhabahu, wanawake wenzake wakimpigia vigelegele kila mstari wa matofali ulipokwisha.

Kuta zikakamilika. Maseremala wa Lusangi waliahidi kuja kuezeka, na nyundo zao. Tatizo lilikuwa mabati: yalipungua kumi na manane, na mvua ilikuwa inanukia. Mchuuzi mmoja mpita njia alitazama vifaa vilivyorundikwa sakristiani, chumba cha padri kuvalia, akasema atavichukua vyote kwa bei ya mabati sita.

"Tumupatie tu," alisema Christophe, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. "Vimezeeka."

"Papa Christophe, nipe wiki mbili," Ernestine alisema. "Nitavipeleka Kasongo mimi mwenyewe."

Alisugua kutu kwa mchanga mpaka miiko ikang'aa. Mumewe, Déo, alichonga mipini mipya ya sepetu. Kisha pikipiki mbili ziliondoka alfajiri, kila moja imefungiwa burueti nyuma, magurudumu juu, na watoto wakazifuata mbio hadi mwisho wa kijiji. Ernestine alicheka njia nzima, hata pale walipokwama kwenye tope na kusukuma.

Kasongo, madalali wa sokoni walimtajia bei zilezile za mchuuzi. Siku ya pili muuza chumvi mmoja akamwambia kwamba Waislamu wa mtaa wa pili walikuwa wanajenga madrasa, nao kwa kujitolea. Ernestine hakumaliza hata chai yake.

Aliyesimamia manunuzi pale alikuwa mama mmoja mwenye duka la vitambaa, jina lake Chadia. Alikagua kila kitu, akagonga sepetu kwa kidole, akasukuma burueti huku na huku.

"Ni vizuri, mama," alisema. "Lakini Yakubu ndiye fundi wetu. Aseme yeye."

Kati ya vifaa vile Yakubu alichukua nivo, kile kipimo cha usawa chenye kipovu ndani ya kioo, akakiweka juu ya ukuta aliokuwa anaupandisha. Kipovu kikakimbilia kulia. Akatikisa kichwa.

"Hii nivo iko mubovu. Inasema uongo."

Ernestine hakubishana. Aliinua nivo, akaigeuza, kichwa kikawa mkia, akairudisha palepale. Kipovu kikaenda tena kulia, upande uleule wa ukuta.

"Kama ingekuwa mbovu, ndugu yangu, sasa kipovu kingekwenda kushoto," alisema taratibu. "Ni ukuta unaoinama."

Watu waliokuwa wanachanganya udongo wakaacha sepetu. Yakubu aliinama, akageuza nivo mwenyewe mara moja, mara mbili, mara tatu. Halafu akapasua kicheko.

"Bado ni mistari mitatu tu! Tungefika kwenye paa tungelia! Mutu gani alikufundisha, mama?"

"Ukuta wa kanisa."

Chadia alinunua vyote, hakuomba kupunguziwa bei hata mara moja. Kabla ya swala ya alasiri Ernestine alikuwa ananunua mabati kumi na manane mapya, na wale vijana waliomleta kwa pikipiki wanayafunga. Lakini aliporudi kuaga, Chadia alimshika mkono.

"Baki wiki moja. Utakula kwangu, utalala kwangu. Tubomoe hiyo mistari, uipange pamoja na Yakubu."

Ernestine alimpigia Déo simu, akipiga kelele kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika.

"Mabati yanakuja! Mimi sirudi bado!"

"Unasema nini? Umepatwa na nini?"

"Nimepata kazi ya kujitolea! Ya madrasa!"

Upande wa pili akasikia mumewe akiwatangazia majirani, na majirani wakishangilia.

Kesho yake asubuhi, mistari ile ilipokwisha kubomolewa, alifunga kitambaa kichwani, akainama kwenye msingi, na Yakubu akampa mwiko wa kwanza uliojaa udongo.

"Anza wewe, fundi," alisema.