Boti Haina Breki

Mke wangu aliniambia neno moja tu pale gatini kisiwani Nosy Be, siku niliyomchukua binti yetu kwenda Mahajanga kulifufua gari la marehemu baba. "Gari mimi silitaki," alisema. "Mtoto namtaka, na vidole vyake vyote kumi." Akamshika mikono mbele ya abiria akavihesabu kwa sauti, kama mtu anayekabidhi mzigo. Binti alikuwa na miaka kumi na minne, akaona haya. Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka boti ikatoka, halafu nikaacha, na sikucheka vizuri tena mpaka tuliporudi miezi miwili baadaye.

Niseme mapema kwamba mimi sikusoma. Chuoni nilifika juzuu ya tatu. Shule ya Wafaransa nilifika mlangoni. Kiswahili hiki nilikirithi kwa bibi mzaa baba. Nyumbani tulisema Kikomoro, nje Kimalagasi, na mazungumzo nitakayoyaandika humu mengi yalisemwa kwa lugha hizo mbili. Watoto wangu Kiswahili hawakisomi. Labda ndiyo maana nimekichagua, kwa kuwa yamo humu ambayo nilichelewa sana kuyasema.

Kazi yangu ilikuwa mashine za boti, kwanza Mahajanga, baadaye Nosy Be. Boti za kuvusha watu kati ya Nosy Be na Ankify, upande wa bara, mara nyingine wanawake wa Nosy Komba na vikapu vyao vya vitambaa vya kudarizi. Mashine ikikohoa ng'ambo ya pili mimi nilijua ugonjwa kabla haijafika gatini. Watu waliniita fundi, na binti yangu alikuwa akilisikia jina hilo tangu anatambaa. Kwake yeye, chuma chochote kinachonguruma babake anakijua. Sikumwambia kwamba gari silijui. Kuendesha nilijua, baba alinifundisha, lakini alikuwa hanipi spana. Alisema mikono yangu ina haraka.

Baba alikuwa dereva wa teksi Mahajanga. Miaka ya sabini ikielekea mwisho, mji ulitugeukia sisi wenye asili ya Komoro. Sitaki kueleza yote, waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wawashukuru wazazi wao. Tuliondoka na nguo za mwilini. Gari lilibaki katika ua wa jirani yetu, mama mmoja wa Kisakalava, wenyeji wa pwani ile, ambaye wote tulimwita Dadi, yaani bibi. Walipokuja watu kuuliza gari la yule Mkomoro, Dadi aliwajibu, "Gari gani? Hiki ni kibanda changu cha kuku," akawafungulia mlango, kuku wakatoka. Toka siku hiyo kuku hawakuhama. Baba alifia Nosy Be akiwa na ufunguo chini ya mto.

Basi tulifika, mimi na binti na mkebe wa grisi. Mkebe ule lazima niutaje. Miaka ile ya mwanzo wa themanini madukani hamkuwa na kitu. Sabuni tulikata vipande kwa uzi, na grisi nzuri ya mashine ilikuwa kama asali. Niliukusanya mkebe ule kijiko kwa kijiko kwa mwaka mzima, nikausafirisha mapajani toka Ankify mpaka Mahajanga. Niliona nina kila kitu.

Dadi alitupokea kwa machozi, kisha akatuwekea masharti. La kwanza, kuku mmoja alikuwa anaatamia kwenye kiti cha nyuma, na hakuna mtu wa kugusa gari mpaka mayai yaanguliwe. Tukangoja siku tisa kwa ajili ya kuku. La pili, Jumanne ilikuwa mwiko katika ua ule tangu kwa mababu zake: hakuna kugonga, kuchimba, wala kufungua chuma. La tatu alinong'ona. "Mwanangu, usiende kutembeza shida zako kwa mafundi wa mjini. Watu wameshatulia. Waache watulie."

Neno hilo la tatu nililishika kama dini. Nilikuwa nikisikia viatu nje ya ua, nyundo inasimama hewani. Mtu akipita na kusema "Mnatengeneza?" moyo ulinidunda mpaka masikioni, hata kama mtu mwenyewe alikuwa muuza maziwa. Nilijiambia siendi kwa fundi kwa sababu ya hofu. Leo nina miaka mingi na meno machache, naweza kusema kwamba nusu ilikuwa hofu, na nusu ya pili ilikuwa binti yangu aliyekuwa akiniangalia.

Tulilipandisha gari juu ya magogo, tukavua magurudumu. Injini haikunisumbua, injini ni injini. Binti alisugua plagi kwa jivu, akapanga bolti na nati juu ya mkeka kwa mpangilio tuliozitoa, kama mtu anayetandaza dagaa. Mikono yake haikuwa na haraka. Ilikuwa mikono ya babu yake, na mimi niliiangalia na kuhesabu vidole. Kila jioni nilihesabu. Akishika panga la feni, nahesabu. Akiingiza mkono nyuma ya rejeta, nahesabu. Aliniambia siku moja, "Baba, ukiendelea kuniangalia hivyo utajikata wewe."

Kisha tukafika kwenye breki.

Ndani ya kila gurudumu kuna ngoma ya chuma, na ndani ya ngoma kuna vipande viwili vyenye umbo la nusu mwezi. Ukikanyaga, vipande vinatanuka, vinaikamata ngoma, gari linasimama. Hayo nayajua leo. Siku ile niliona vumbi jekundu na ukavu mtupu, ukavu ambao katika boti ungekuwa kifo cha mashine. Sisi watu wa chumvi tumefundishwa jambo moja: chuma kikavu ni chuma kinacholiwa. Na boti haina breki. Ukitaka kuisimamisha unapunguza moto mapema, maji yenyewe yanaishika, mwisho unarusha kamba. Miaka ishirini ya kazi sikuwahi kukutana na kitu kilichotakiwa kiwe kikavu.

Niliufungua mkebe wangu wa asali. Nikapaka ngoma zote nne na nusu miezi yote minane, kwa kidole, taratibu, kwa huruma.

Binti alikuwa ameshika taa ya kibatari. "Baba," alisema, "hivi si ndivyo vinavyobana?"

"Ndivyo."

"Na grisi haitateleza?"

"Kila chuma kinataka mafuta, mwanangu. Kama vile kichwa chako."

Akanyamaza. Kwetu mtoto hamsahihishi babake kazini kwake, tena binti, tena mbele ya Dadi aliyekuwa akichambua mchele hatua tatu kutoka pale. Lakini kunyamaza kwake nilikusikia. Usiku sikulala vizuri, nikajiambia ni mbu.

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumamosi. Dadi alilinyunyizia gari maji kwa mkono, akaliombea kwa mababu zake. Mimi nikasoma Fatiha kwa upande wangu, tukaona yatatosha. Injini ilishika mara ya tatu. Sauti ile ilikuwa sauti ya baba akirudi nyumbani, na niliogopa mji mzima utaitambua. Nilitaka kutoka mjini upesi. Nikashika njia ya Belobaka.

Binti alikaa mbele, pembeni yangu. Kwenda hakukuwa na neno, njia ilikuwa tupu na mimi niliendesha kama boti, napunguza mapema, naacha lisimame lenyewe. Nikaanza kujisifu. Tukafika Belobaka, tukageuza, tukanunua maembe mabichi, binti akayala kwa chumvi na miguu yake akaipandisha mbele ya kioo. Nikamwambia aishushe. Alishusha. Namshukuru Mungu kwa neno hilo moja.

Njia ya kurudi ina mteremko. Siyo mteremko wa kutisha, mtu wa baiskeli anaushuka huku anapiga mluzi. Chini yake mkokoteni wa ng'ombe wawili ulikuwa unavuka polepole, mwenye mkokoteni amelala chali juu ya makuti. Nikakanyaga breki. Gari likapunguza mwendo kidogo, kama mtu aliyeitwa akageuza shingo asisimame. Nikakanyaga tena kwa miguu yote miwili. Likaendelea. Mwili wangu ukafanya ulichokizoea: mkono ukatoka dirishani kutafuta kamba. Wallahi. Natafuta kamba ya boti katikati ya njia ya Belobaka.

"Baba, gia!"

Sikuelewa. Nikasikia yeye amekamata breki ya mkono kwa mikono yote miwili, anaivuta huku ameinuka kwenye kiti, na magurudumu ya nyuma yakalia. Yakashika kwelikweli. Nyuma ya gari ikazunguka, pembe za ng'ombe mmoja zikapita dirishani kwangu, nikaona jicho lake, kubwa na lenye adabu, halafu tukaingia ubavu kwenye mchanga wa kando ya njia na injini ikazima.

Mwenye mkokoteni aliinua kichwa. "Mnauza hayo maembe?" aliuliza, maana yalikuwa yametapakaa njia nzima.

"Chukua," binti alisema. "Chukua yote."

Nilimshika mikono. Nilihesabu mara mbili na mara zote mbili nilipotea. Kidole cha shahada cha kulia kilikuwa kimebanwa kati ya mkono wa breki na chuma cha kiti. Ukucha ulikuwa unageuka mweusi.

"Nyuma zimeshika," nilisema. "Mbele hazikushika. Kwa nini za nyuma zimeshika?"

Akaangalia mapajani. "Nilizifuta."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Jumanne, siku ya mwiko, mimi nikiwa nimelala, yeye alikwenda kituo cha teksi, akamkuta mzee mmoja anayetengeneza magari pale, akamuuliza bila kutaja mimi ni nani. Mzee alishika kichwa. "Grisi? Kwenye breki? Huyo babako anataka kusimama au kuogelea?" Akampa petroli katika kichupa cha dawa ya kikohozi na kipande cha msasa. Alimwambia, kama petroli haitoshi kwa zote, anza na za nyuma, maana breki ya mkono inashika huko. Ijumaa mimi nilikwenda kuswali. Gari lilikuwa bado juu ya magogo. Aliosha ngoma mbili na akasugua nusu miezi minne, petroli ikaisha, nami nikaingia uani. Aliziba kila kitu kabla sijavua kanzu.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ungenisikia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulifunguka kabisa. Mwenye mkokoteni alikuwa amesimama pale anakula embe na kutusikiliza kama redio, na mbele yake sikuweza kusema uongo mkubwa kiasi hicho.

"Na mimi nilijua kwamba hujui," aliongeza, taratibu. "Tangu siku ulipotafuta nanga." Kweli, wiki ya kwanza nilimuuliza Dadi kama baba aliacha nanga ya gari. Nilidhani binti amelichukulia kama mzaha. "Nikafikiri nikisema mbele ya Dadi utaona aibu. Nikafikiri mbili zitatosha."

Mbili zilitosha. Zilitosha kwa kipimo cha pembe ya ng'ombe, na kipimo hicho nimekibeba mpaka leo. Angetii kabisa, ningemzika. Hata sasa akija kunichukua na gari lake, mwanamke mtu mzima mwenye wajukuu, mguu wangu unakanyaga sakafu kila akikaribia kona, naye anasema, "Baba, za mbele pia zinashika."

Tulirudi mjini kwa gia ya kwanza, mwendo wa maiti. Sikwenda kwa Dadi. Nilinyoosha mpaka kituo cha teksi, mchana kweupe, mbele ya watu, nikashuka nikamwambia yule mzee, "Mimi ndiye niliyepaka grisi." Aliniangalia sana. Kisha akalitazama gari, akalizunguka, akapapasa paa. "Mtoto wa fulani," alisema, kwa jina la baba. Mkono wangu ukarudi kwenye mlango wa gari. Akaita wenzake. Walikuja, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini, na kwa kutwa nzima jina langu likawa Nahodha. Hakuna aliyenifanya kingine. Wiki mbili binti alifundishwa pale na mimi nilishika taa.

Gari tuliliacha kwa Dadi, likisubiri mvua zipite na njia ikauke. Tuliporudi Nosy Be mke wangu alikuwa amesimama gatini, hakunisalimu. Alimshika binti mikono akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Alipofika cha saba akanyamaza, akauangalia ule ukucha mweusi.

"Na hiki?"

"Mlango, mama," binti alisema haraka. "Nilijibana na mlango."

Alikuwa ananifichia tena. Abiria walikuwa wanatupita na makapu yao, kamba ya boti ilikuwa bado mkononi mwangu, maana niliipokea kwa fundi mwenzangu wa boti ile bila kufikiri.

"Siyo mlango," nilisema. "Ni breki. Niliipaka grisi."

Mke wangu hakujua gari hata kidogo, ilibidi nimweleze, na nilimweleza yote, mpaka lile embe. Alisikiliza bila kuuachia mkono wa mtoto. Nilipomaliza alirudi kwenye kile kidole, akakihesabu, akaendelea. Nane. Tisa. Kumi.