Kanga wa Karatu, Kanga wa Endulen

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ukungu ambayo nikiikumbuka mikono hujikaza yenyewe, kana kwamba bado nimempakata Samweli. Ilikuwa miaka ya sabini. Lori lililotutoa Karatu liliharibika tulipokwisha kuupita ukingo wa kreta. Mtoto alikuwa anaungua homa, na titi ameacha. Mama mkwe wangu, Mmaasai niliyemwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao, akasema tuende kwa miguu hadi hospitali ya Endulen.

Miguu yetu wenyewe hatukuiona. Yeyo alitembea kwa masikio. Ndege hondohondo akilia, alisema, “Bado tuko kwenye miti mikubwa.” Kisha hondohondo akanyamaza, na njia ikapotelea majanini.

Ndipo nikasikia kanga. Kwetu Karatu kanga hufukua maharage. Ukiwasikia, shamba liko karibu, na penye shamba pana watu. Nikageuka kuwafuata. Yeyo akanidaka shuka.

“Unakwenda wapi, mama Samweli?”

“Kuna shamba, yeyo!”

“La nani? Huku kulima kumekatazwa. Kanga wenu wanafukua maharage, wa huku wanafukua mavi ya nyati. Haya, nenda ukavune!”

Papo hapo kitu kizito kikakoroma vichakani, karibu mno. Samweli akaanza kulia. Nikamziba kwa kifua changu, nikiomba anyamaze, nikiogopa asije akanyamaza kabisa. Yeyo akanirudisha kinyumenyume, polepole. Mwenda pole hajikwai. Kushoto kware akaita, mwingine akamjibu.

“Kule ni wazi,” akanong’ona. “Hakuna vichaka.”

Tukawafuata kware hadi tukasikia kengele za ng’ombe. Mchungaji akampokea mtoto, akatutangulia hadi hospitali. Samweli ndiye huyo mnayemtania upara.

Mwanangu, kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kila ndege ana ardhi yake. Msitu una sauti zake, vichaka vina zake, mbuga ina zake. Usiipime nchi ya wenzako kwa ndege wa shamba lenu; uliza kwanza, hapa anakula nini? Na kabla hujafyeka kichaka kingine, nyamaza usikilize. Siku hizi nikiamka nasikia kunguru na kwelea tu. Ukungu ukishuka, nani atatuambia tulipo?

Mungu akupe masikio ya yeyo, na kila umbebaye umfikishe akiwa hai.