Kijiti cha Juu ya Paa la Mjomba

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya kiangazi kule Mugeta, nilipopanda juu ya paa la mjomba wangu Magesa kulibomoa. Nimezeekea hapa Kamunyonge, na aibu ile haijanitoka.

Ulikuwa wakati wa kuhamia vijijini. Tuliambiwa watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na maji, nami niliamini; hata leo sisemi shule ni kitu kibaya. Lakini nilikuwa kijana, nimepewa kofia ya mgambo, nikajiona najua kuliko wote. Mjomba alikataa kuhama. Shamba lake la mtama lilikuwa pale, kisima alichimba mwenyewe, na alisema akienda mbali nyani watamaliza kila kitu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi wa mjomba sikuwajua, wala sikuuliza.

Kwetu, juu kabisa ya paa la nyasi husimama kijiti. Mwenye nyumba akifa, ndipo wazee hukiondoa. Nililijua hilo tangu utoto. Mgambo wenzangu walisita kukigusa. Mimi, kwa kutaka sifa, nikakishika nikaking'oa, mjomba akiwa hai, amesimama chini ananitazama.

Hakunitukana. Aliishika ngazi isiteleze.

"Shuka polepole, mpwa wangu, usije ukaanguka."

Nilipofika chini akaniuliza, "Mimi nilikuwaga nakusumbua? Nilikuwaga nakuombaga kitu? Sasa mbona umenizika?"

Alihama. Mtama uliliwa na nyani kama alivyosema. Shule ilijengwa kweli, sikufichi, na watoto wake walisoma. Lakini hakucheka nami tena. Miaka ikapita, akafariki. Wazee wakatoka nje waondoe kijiti kama ilivyo desturi, wakakuta hakuna: nyumba ile mpya aliijenga bila kuweka kijiti. Kila mtu akanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze, mwanangu, nakwambia kweli.

Nakueleza haya kwa kuwa keshokutwa unakwenda Kibara kuanza kazi ya utendaji wa kata. Utapewa mhuri, na utakuwa na mambo mema mengi ya kuwafanyia watu. Hiari yashinda utumwa, walisema waliotutangulia, nami nilihitaji msiba ili nielewe. Mvuvi anaujua mtumbwi wake na mkulima anaijua mvua ya kwake. Waulize. Washawishi, hata kama utakauka koo. Mtu akikataa, na hajamdhuru mwenzake, mwache na chake, hata ukimwona mjinga. Mimi mjomba nilimwona mjinga.

Haya, nenda. Mungu akupe cheo kisichokulevya, na kila nyumba utakayopiga hodi, mwenyewe akufungulie kwa mkono wake.