Opereta wa Upande wa Pili

Miaka ya sabini nilikuwa opereta wa simu Mbeya. Simu ya kutoka Zambia kwenda Dar es Salaam ilipita mikononi mwangu: opereta wa upande wa pili wa mpaka aliniita, nami nikachomeka waya wa Iringa, na Iringa wakaipeleka mbele. Ya kwetu ikienda kwao, nilimwita yeye. Sura yake sikuijua, lakini sauti yake ningeitambua hata katikati ya soko.

Kaka yangu alikuwa mchimbaji wa shaba huko. Jiwe lilimwangukia kifuani, akalazwa. Alituma salamu kwamba Alhamisi atapiga simu aongee na mama. Mama akatoka Kilolo alfajiri, akasubiri posta ya Iringa akiwa amevaa kanga yake mpya. Niliwaunganisha mimi mwenyewe.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Unakula?"

"Mama, kuna jambo nataka nikwambie..."

Simu ikakatika. Nikamwita opereta wa upande wa pili.

"Nimeikata mimi," akasema. "Kuna bosi wa mizigo anaitaka Dar."

"Kaka, nakuomba dakika moja. Huyo ni mama yangu, anaongea na mgonjwa."

"Mama yako atasubiri. Mizigo haisubiri."

Kaka yangu alifariki Jumapili, akazikwa hukohuko. Telegramu ilipofika, mama aliniuliza mara moja tu: "Alitaka kuniambia nini?"

Nilirudi kazini na jambo moja moyoni. Kila opereta yule alipoita, nilimjibu, "Dar kuna watu. Subiri." Laini ilikuwa tupu, naiona kwa macho yangu. Niliwasikia wafanyabiashara wakimtukana, nami nikanywa chai yangu taratibu. Malori yalipanga foleni Tunduma yakingoja neno moja kutoka bandarini. Siku aliponibembeleza, "Dada, watanifukuza kazi," nilisikia utamu ambao mpaka leo siuonei haya.

Wiki ya tatu akageuka. Simu zetu zote za kwenda kwao akazizuia.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kisukuma, wa wale wafugaji waliohamia Usangu. Mwanawe naye aliumia machimboni. Alikaa kwenye benchi letu siku mbili, kibuyu cha maziwa miguuni. Kila nilipoita, nilirudishiwa maneno yangu mwenyewe: "Kuna watu. Subiri."

Siku ya pili mama yule akaniuliza, "Binti, kwani mwanangu hataki kuongea na mimi?"

Nikamwita tena opereta. "Nipe hospitali, nami nikupe Dar. Lakini kwanza nisikilize. Yule mgonjwa uliyemkatia simu alikufa. Mama yangu hakuongea naye tena."

"Sikujua, dada."

"Nilikwambia ni mgonjwa."

"Uliniambia."

"Basi kila utakaposikia sauti yangu, ujue unaongea na dada yake."

Akaunganisha hospitali. Mama wa Usangu akaanza kucheka na kulia kwa Kisukuma, akiishika simu kwa mikono miwili. Nikachomeka waya wa Dar, kama nilivyoahidi.

Tulifanya kazi naye miaka minne zaidi. Kila asubuhi alinisalimia, "Dada, umeamkaje?"

Sikumwitikia hata siku moja. Nilimuuliza tu, "Unataka wapi?"