Mama Mkwe Msabato Aliponiagiza Nguruwe

Mama mkwe wangu aliniagiza nguruwe.

Usicheke kwanza. Ngoja nikwambie alikuwa mtu wa namna gani.

Mama Rozina alikuwa Msabato wa Shirati, kule Mara. Msabato wa kuzaliwa, shemasi wa kanisa miaka na miaka. Ijumaa jua likizama, redio inazimwa. Chai ya majani hanywi. Kambale anavuliwa mlangoni kwao kabisa, lakini hamgusi, eti hana magamba.

Sasa mtu kama huyo aje aseme anataka kitimoto?

Mimi naitwa Paskazia. Msukuma, Mkatoliki, na mdudu, yaani huyohuyo nguruwe, nimeanza kumla kabla meno hayajatimia. Ila tangu Odera anioe, nyama hiyo haijawahi kuingia nyumbani kwetu Buhongwa. Hamu ikinishika naishia buchani Mkolani. Nakula, nanawa kwa sabuni na limau, ndipo narudi kwangu.

Hiyo ilikuwa heshima kwa mama. Hakuna aliyenilazimisha.

Mama tulikuwa tumemleta Mwanza kutibiwa. Saratani ya koo. Walimpasua, wakampiga mionzi, mwisho daktari akamwita Odera pembeni. Odera aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema tu, "Tukae naye nyumbani."

Basi tukakaa naye. Akawa anakula uji, mtori, na maziwa. Kitu kigumu hakipiti.

Siku hiyo nilikuwa nampaka mafuta miguuni.

"Paska."

"Abee mama."

"Jumapili nina mgeni. Nataka unipikie nguruwe."

Nikajua ni zile dawa za maumivu.

"Umesema kuku, mama?"

"Ninaumwa koo, mwanangu, siumwi akili. Nguruwe. Hiyo mnayoita kitimoto."

Aisee, nilibaki nimeshika ule mguu kama nimeshika waya wa umeme.

"Mgeni anatoka wapi, mama?"

"Misungwi."

Hapo nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa.

Misungwi ndiko alikokuwa Ooko, kifunguamimba wake, kaka wa mume wangu. Sikuwahi kumwona hata siku moja. Nilichojua ni kwamba anafuga nguruwe, na kwamba jina lake mbele ya mama halitajwi.

"Shemeji Ooko anakuja?"

Mama akageuzia uso dirishani.

"Ipike iwe laini sana," akasema. "Na mimi nitakula."

*

Jioni Odera alirudi kutoka kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti. Nikamtengea chakula, nikampa habari huku natabasamu. Nilijua atafurahi. Ndugu yake anakuja, mama anataka kupatana naye, kuna nini tena?

Odera akaweka tonge chini.

"Nani kakwambia Ooko anakuja?"

"Mama."

"Amesema Ooko? Kwa jina?"

"Amesema mgeni kutoka Misungwi. Sasa ni nani mwingine?"

Akanawa mikono. Hata hakuwa amekula.

"Paskazia, usinunue hiyo nyama."

"Mama kaniomba mwenyewe."

"Nakuomba na mimi."

"Sababu?"

Akatoka, akakaa kwenye kile kiti cha nje, akainamisha kichwa.

Nikasema moyoni, ni dini hiyo. Wanaume wa Kijaluo wanaweza kuacha kanisa, lakini kanisa la mama zao haliwaachi.

Nikaamua nitampikia mama. Mtu anayekufa akikuomba chakula, unampa.

*

Mkolani kuna bucha la mdudu, mwenyewe anaitwa Mashimba. Nikamwambia nataka mkono wa mbele, wenye mafuta kiasi, na mfupa wake humohumo.

"Nikukaangie kavu au rosti?"

"Mbichi. Naenda kuupika kutwa nzima."

"Kutwa nzima?" Akacheka. "Dada, huo si upishi tena, huo ni mfungo!"

Hakujua.

Ilikuwa Jumamosi. Nilipofika nyumbani nikakuta akina mama wa kanisani wamekuja kumwimbia mama, kama walivyozoea kila Sabato. Nikapita kwa mlango wa nyuma. Nyimbo za mbinguni ziko sebuleni, mkono wa nguruwe uko kwenye friji. Mama akanitupia jicho kupitia mlangoni, akaendelea kuimba kwa ile sauti yake iliyobaki kama upepo.

Sasa, nina sufuria ya umeme, ile ya kupika polepole. Dada yangu Hellen alinitumia kutoka Oman. Ilikuwa juu ya kabati ndani ya boksi lake, kwa sababu nani ana muda wa kusubiri chakula tangu asubuhi?

Jumapili sikwenda misa. Nikaamka kukiwa bado na baridi.

Nikapaka ile nyama chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na sukari kidogo. Nikatandika vitunguu maji chini ya sufuria, nyama juu yake, nyanya za kusaga, maji ya ukwaju, na maji kidogo tu. Nikafunika, nikaweka moto mdogo.

Nyama hiyo haitaki haraka wala kuchungulia. Ukifunua mfuniko kila mara, mvuke unatoka na unaanza upya.

Mama akataka kukaa jikoni. Nikambeba, maana alikuwa mwepesi kama khanga, nikamweka kwenye kiti chenye mito. Harufu ikaanza kutoka. Nikamwangalia kama itamkera.

Akavuta pumzi ndefu.

"Ooko alikuja nyumbani na vitoto viwili vya nguruwe," akaanza. "Alikuwa kijana. Amevitia kwenye tenga nyuma ya baiskeli. Alikuwa na furaha, Paska! Akaniambia, mama, hawa watatujengea nyumba ya bati."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, hao wakilala hapa leo, wewe hulali."

Sufuria inatokota taratibu kwa ndani.

"Nilidhani atawatupa. Akageuza baiskeli. Nikasimama mlangoni namwangalia mpaka kona ya barabara. Nikasema atarudi jioni. Jioni ikafika. Miaka ikapita. Watu walikuwa wananiletea salamu zake, nami nilikuwa siwajibu. Nilishika amri, mwanangu. Mtoto nikamwachia."

Nikamshika mkono.

"Leo yataisha, mama," nikamwambia.

Akaniangalia kwa huruma. Huruma! Kama vile mgonjwa ni mimi.

Mchana umeme ukakatika. Nikaogopa kuliko hata siku ya mtihani. Nikaiacha sufuria imefunikwa, nikaizungushia taulo, nikasali kwa watakatifu wote ninaowajua. Umeme ukarudi. Mama kwenye kiti chake akasema "Amina."

*

Mama alipopitiwa na usingizi nikamrudisha chumbani. Nikafunua.

Jamani. Mfupa uliteleza wenyewe, msafi kama umeoshwa. Nikachukua uma mbili, nikaanza kuichambua ile nyama. Ikawa inaachana nyuzi nyuzi kama pamba. Nikairudisha kwenye mchuzi wake inywe.

Odera akaingia. Kutwa nzima alikuwa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Zima hiyo kitu."

"Imeshaiva. Mwite mama, mgeni anaweza kuwa njiani."

"Hakuna mgeni."

"Odera…"

"Ooko amekufa."

Uma ukaniponyoka.

"Amekufa lini?"

"Mama alipokuwa wodini, baada ya upasuaji. Homa ya ghafla. Nilikwenda nikamzika."

"Ulikwenda lini wewe?" Kisha nikakumbuka. "Ile safari ya Kahama? Ya mageti ya shule?"

"Haikuwa Kahama."

Alikuwa amesimama katikati ya jiko langu, mwanaume mzima, anaangalia sakafu kama mtoto.

"Daktari alisema mama asipate mshtuko. Nikasema nitamwambia akipata nguvu. Nguvu hazikuja, Paska. Wiki moja ikavuta nyingine. Sasa nitamwambiaje? Nimemzika mwanawe Misungwi, sikumpeleka hata Shirati alipolala baba. Nimemzika kama mtu asiye na kwao."

"Na mimi? Mimi ulinificha kwa nini?"

"Ungelia. Mama angekuona."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia. Kabla sijachagua, tukasikia mlangoni:

"Hodi hapa!"

Sauti ya mwanamke.

Odera akakodoa macho. Akaenda mbio, nami nyuma yake.

Mlangoni alisimama mwanamke mmoja mrefu, kitenge cheusi, nywele zimenyolewa zinaanza kuota. Ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili.

"Odeta!" Odera akanong'ona. "Umefuata nini? Tulikubaliana!"

Yule mwanamke alikuwa anaangalia nyuma yetu.

Tukageuka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, ameshika ukuta. Sijui alipataje nguvu za kushuka kitandani.

"Mgeni wangu amefika," akasema. "Paska, mkaribishe mke wa Ooko."

Odeta akapiga magoti palepale kizingitini. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenu. Umeitika wito wangu. Nimekuchelewesha sana."

Tulimkalisha mama kwenye kochi. Odera akasogea mbele yake.

"Mama, unajua?"

"Nilipokuwa wodini, wewe ulikuwa umetoka," mama akasema. "Namba ya Ooko ninayo siku nyingi, waliniletea wale wa salamu zake. Sikuwahi kuipiga. Siku ile nikajua kifo kiko karibu, nikamwomba muuguzi anipigie. Akapokea mwanamke. Nikasema, mimi ni mama yake. Akaanza kulia." Akapumzika kidogo. "Nikaelewa kabla hajasema neno."

Odera akadondoka magotini.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nakusubiri. Kila ukirudi kazini nasema, leo ataniambia. Unanisalimia, unaniuliza kama nimekula, unakwenda kulala. Nami nageukia ukutani, nauma shuka, nisije nikakuamsha."

"Daktari alisema…"

"Daktari alisema nisibebe mizigo. Hakusema nisimlilie mwanangu."

Mimi nilikuwa nimekaa nje ya mlango wa huyo mama siku zote hizo. Nimemwogesha, nimemlisha, nimempaka mafuta. Sikusikia kitu.

*

Nikaleta chakula. Ile nyama, ugali laini, na mchicha. Sahani moja kubwa, kwa sababu mama alisema moja.

Akafumba macho kuomba. Tulichosikia ni mwisho tu: "…na wewe ndiye unayejua, Bwana."

Odeta akafinyanga ugali mdogo, akachota nyuzi chache, akamlisha. Mama akatafuna taratibu. Koo likapanda, likashuka. Ikapita.

Mama akaangalia sahani. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Kumbe ni nyama tu," akasema.

Akarudia, safari hii kwa nguvu: "Kumbe ni nyama tu!"

Ndipo akapiga ukunga. Ule ukunga wa Kijaluo wa msiba, ambao alikuwa ameuzuia tangu wodini. Sijui mwili ule mdogo uliuweka wapi. Majirani walikuja mbio wakidhani amefariki. Odera akalia, Odeta akalia, mimi nikalia kwa ajili ya shemeji nisiyemjua sura. Msiba wa Ooko ulifanyika siku hiyo, sebuleni kwetu Buhongwa, mezani kuna nguruwe.

Siku chache baadaye tulikodi gari, tukampeleka Misungwi. Kaburi liko nyuma ya nyumba, ng'ambo ya mabanda. Akataka awekwe chini, kwenye udongo. Akaongea Kijaluo muda mrefu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayempa mwanawe habari za nyumbani: nani kaolewa, nani kafa, mvua ilikuwaje. Odera alikuwa ananitafsiria, akafika mahali akashindwa.

Mama hakumaliza mwezi. Tulimzika Shirati, karibu na mume wake. Odeta alikaa kwenye mkeka wa wanafamilia kama mke wa kifunguamimba, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni nani.

Baada ya mazishi mume wangu alisimama mbele ya watu wote, wachungaji, wazee, na akina mama wa kwaya.

"Nilidhani nambebea mama mzigo," akasema. "Kumbe nilimwacha aubebe peke yake gizani. Naombeni mnisamehe."

Akakaa. Mpaka leo hajajisamehe, namwona tu.

Wewe unayesoma hapa, sikufundishi dini wala vyakula, kila mtu na imani yake. Nasema hivi tu: msiba ni wa mwenyewe. Ukimficha mtu kifo cha mtu wake, hujampunguzia uchungu, umemnyang'anya watu wa kulia naye.

Kama kwenu kuna mzee ambaye hajaambiwa, leo ingia chumbani kwake. Kaa chini. Mwambie.

Kisha usiondoke. Kaa hapohapo mpaka amalize kulia.