Bolti ya Chini ya Dashibodi

Gereji nzima ilimwita Bi Kwanini, na jina hilo hakusingiziwa. Mteja akileta gari na kusema taa moja haiwaki, mafundi wengine wa umeme hubadilisha globu, maisha yakaendelea. Yeye angeuliza kwa nini moja na si zote mbili, kwa nini ya kushoto, ilianza lini, na siku hiyo mvua ilinyesha au haikunyesha. Wateja wenye haraka walimkimbia. Wenye magari yaliyoshindikana walivuka mji mzima kumtafuta.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, miwani jozi mbili, na goti moja lililogoma kabisa kazi za kuinama. Mita yake ya kupimia umeme aliining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, na nyaya zote alizounga mwenyewe alizifunga utepe mwekundu, ili likitokea la kutokea ajulikane nani wa kuulizwa. Alijivunia sana utepe ule.

Upande wa pili wa gereji alikaa kaka yake, fundi wa injini, aliyeitwa Mzee Plagi. Huyo hufungua plagi, kile kidude kinachowasha mafuta ndani ya injini, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaitazama ncha yake, kisha akakwambia injini yako inakula nini. Nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Nyeupe, mafuta hayatoshi. Kahawia hafifu, nenda zako salama. Kwa miaka thelathini na tano hakuna aliyembishia.

Ndiye aliyemleta dada yake gereji. Binti aliyefungua redio ya baba akiwa na miaka tisa ili ajue sauti inatokea wapi, na sauti isirudi tena, hakuna fundi aliyemtaka karibu na gari lake. Kaka alimchukua. Mwezi wa pili tu binti akaunguza nyaya za gari zima la mtu. Mwenye gari alipokuja juu, kaka alijifuta mikono akasema, "Ni mimi niliyeunga." Wakati huo kaka hakuwa na ujuzi hata wa kuunganisha betri ya tochi! Hawakulizungumza jambo hilo siku ile, wala baadaye.

Basi miaka ikapita, na likaja gari la daktari wa mifugo. Lilikuwa pikapu kuukuu, na mwenyewe alihitaji nguvu ya kupandia milima kufuata ng'ombe wa watu. Mzee Plagi akampandikizia injini kubwa zaidi ya petroli. Bi Kwanini akafunga kompyuta mpya ya kuiongoza, na kwenye bomba la moshi akachomeka sensa, pua ndogo ya chuma inayonusa moshi na kupima kama hewa na mafuta vimechanganyika sawasawa. Sensa hupeleka habari kwenye kisanduku chini ya dashibodi, kisanduku huipasha kompyuta, nayo huongeza au kupunguza mafuta. Kazi ile ilimchukua asubuhi moja, na aliimaliza akipiga mluzi.

Wiki haikuisha, daktari akarudi. Gari lilikunywa petroli bila aibu na kunuka hadi ng'ombe waligeuza vichwa. Mzee Plagi akafungua plagi: nyeusi tititi. "Mafuta yamezidi," akasema. Wakachomeka laptopu kwenye kompyuta ya gari. Laptopu ikasema mafuta hayatoshi.

Mzee Plagi akaamini laptopu, maana ilikuwa na namba. Akafungua injini, akakagua kila alichokifunga, akairudishia. Plagi nyeusi. Akafungua tena. Plagi nyeusi, na laptopu na msimamo wake ule ule. Mara ya tatu hakufungua kitu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, plagi mkononi, akaitazama kwa muda mrefu mno.

"Labda ni macho yangu," akasema.

Dada alimwambia aache mambo yake. Lakini siku mbili baadaye, wifi yake, mke wa kaka, alikuja gereji akiwa amevaa ndala za ndani, na huyo si mtu wa kutoka na ndala za ndani.

"Wifi, kaka yako hana raha. Amefunga sanduku lake la spana. Anasema kesho anamkabidhi fundi wa jirani."

"Lote?"

"Lote. Nimemuuliza, mume wangu, unaumwa? Ananijibu eti mtu asiyejua tena kusoma plagi anakwenda gereji kufanya nini? Chakula anakigusagusa tu. Wifi, mimi nimeogopa."

Bi Kwanini naye aliogopa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuiwaza gereji bila kikohozi cha kaka yake upande wa pili.

Mchana ule ule akampigia simu, akamwambia anahitaji mtu wa kumshikia laptopu, basi. Kaka alikuja kwa kuwa hakuwa na kawaida ya kumnyima. Akakaa kwenye kiti cha dereva, injini ikiunguruma, laptopu mapajani, uso umesawijika. Nje mawingu yalikuwa mazito na gereji ilikuwa na giza. Bi Kwanini alipokuwa akipekua mbele ya gari, skrubu ikamponyoka ikabingirika sakafuni.

"Kaka, hebu niwashie taa kubwa."

Taa zikawaka. Kaka akakunja uso. "Imepanda."

"Nini?"

"Namba. Sasa inasema mafuta yamepungua zaidi."

Bi Kwanini akaisahau skrubu. "Zima."

"Imeshuka."

"Washa."

"Imepanda tena. Wewe unafanya nini huko?"

"Sifanyi kitu! Washa na feni."

Namba ikapanda zaidi. Bi Kwanini alisikia ule msisimko wake wa zamani, wa redio ya baba. Taa hazinywi petroli. Feni hainywi petroli. Sasa kwa nini viingilie habari za mafuta?

Akaivua mita shingoni. Ncha moja akaigusisha kwenye waya wa athi wa kile kisanduku, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Ncha ya pili akaigusisha kwenye chuma cha injini, inaposhika athi ya kompyuta. Vyote viwili vinapaswa kuwa sawa, na mita isome sufuri. Ilisoma nusu volti.

"Kaka! Ni sawa na kumpima mtoto urefu akiwa amepanda kigoda," akasema kwa kelele. "Sensa inanusa vizuri. Kisanduku kinasema kweli. Lakini kimesimama juu, kompyuta imesimama chini, kwa hiyo kila namba inayotumwa inafika imezidi. Ukiwasha taa, kigoda kinaongezeka. Kompyuta inadhani injini ina njaa, inaimwagia mafuta!"

"Kwa hiyo mafuta yamezidi."

"Yamezidi tangu siku ya kwanza."

Bi Kwanini akapiga lile goti gomvi chini, akaingiza kichwa na tochi chini ya dashibodi aone ni fundi gani hodari aliyeichezea athi ile baada yake. Akaona utepe mwekundu.

Bolti yenyewe aliijua kama rafiki. Karibu kila gari lina bolti mahali hapo, mkono unaifikia bila taabu, na kwa miaka thelathini alikuwa amefungia hapo redio, honi na ving'ora. Redio haijali nusu volti. Chini ya bolti rangi ya gari ilikuwa haijakwanguliwa, na waya wa athi wa feni ulikuwa umebanwa hapo hapo juu ya wa kwake. Akakumbuka karatasi ya maelekezo iliyokuja na sensa. Alitazama picha, akaikunja, akaitia kwenye droo. Yeye, mwenye kumhoji kila mtu, bolti ile hakuwahi kuiuliza chochote.

Akiwa kule chini likamjia wazo la kusema waya ulilegea tu. Nyaya hulegea kila siku. Wazo lile lilikuwa tamu, na alikaa nalo kwa dakika nzima huku goti likimwaka.

Kisha akainuka akafanya kazi. Alikwangua chuma cha injini kwa msasa, pale pale kwenye athi ya kompyuta, hadi kikang'aa. Akarefusha waya, akaufunga hapo kwa nguvu, akapima. Sufuri. Akawasha taa, feni, na honi kwa hasira. Namba ya laptopu haikutikisika.

Wakafuta kumbukumbu ya kompyuta, wakatia plagi mpya, wakazunguka na gari mtaani, taa na feni vikiwaka muda wote. Waliporudi, daktari wa mifugo alikuwa mlangoni akisubiri.

"Haya mafundi, kumbe ilikuwa nini?"

Mzee Plagi alikuwa amemwona dada yake akiinama, na utepe mwekundu aliuona kwa macho yake mwenyewe. Alichukua kitambaa, akajifuta mikono.

"Daktari, ni mimi. Kuna mahali nili—"

"Kaka, nyamaza," akasema Bi Kwanini. "Waya niliufunga mimi, daktari. Niliufunga pabaya, kwa mazoea. Injini ya huyu haikuwa na kosa hata siku moja, na plagi alizisoma sawasawa. Na zile nyaya zilizoungua mwaka ule, niliziunguza mimi."

"Nyaya zipi tena?" akauliza daktari, akiligeukia gari lake kwa wasiwasi.

Mzee Plagi alichukua spana, akafungua plagi moja, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena, na muda wote huo mgongo wake ulikuwa umewaelekea.

"Kahawia," akasema hatimaye, akapenga kamasi kwa kile kitambaa cha grisi. "Mpigie wifi yako. Mwambie lile sanduku asimpe mtu."